Kipanya Kilichosamehewa Mara Mbili

Katika nchi moja ambayo mimi siijui na wewe huijui, na tukiulizwa hata sisi wawili hatujuani, ilipitishwa sheria nzuri sana. Inaitwa Sheria ya Kutosimanga. Ina vifungu themanini na tatu, lakini watu wanakijua kimoja tu: chochote kilichosamehewa na Mtukufu Rais hakina jana.

Ilikuja kwa nia njema, kama sheria zote. Kulikuwa na bwana mmoja mkandarasi aliyejenga daraja. Daraja likaanguka siku ileile ya kulifungua, kabla utepe haujakatwa. Utepe wenyewe haukuanguka. Ulibaki juu ya maji, umefungwa nguzo hii na nguzo ile, unapepea. Mtukufu akamsamehe yule bwana, akampa Wizara ya Madaraja, maana nani mwingine nchini alikuwa na uzoefu wa kuona daraja likianguka kwa karibu vile?

Tatizo ni kwamba watu wa nchi ile wana midomo. Waziri akisimama kuhutubia, mtu wa nyuma anauliza kama jukwaa kalijenga yeye. Akienda msibani, watu wanasogea mbali na turubai. Siku moja akalia bungeni. Wabunge wenzake walipomwona analia, kila mmoja akakumbuka la kwake, wakalia wote, na sheria ikapita mchana huohuo. Kura za ndiyo zilihesabiwa kwa leso.

Toka hapo, ukimkumbusha aliyesamehewa jana yake, miezi sita. Ukimpa pole, miezi mitatu, kwa sababu pole maana yake kuna kitu kilitokea.

Wenye yadi za magari waliisoma ile sheria polepole, kidole kwenye karatasi, wakafika kwenye neno "chochote", wakatabasamu. Katika nchi ile, gari ikipondeka mpaka watu wa bima wakanyoosha mikono, inaitwa marehemu na inapewa cheti cha kifo. Basi Sikukuu ya Uhuru iliyofuata, Mtukufu alisamehe wafungwa mia nne na kumi na mbili, na magari marehemu elfu tisa. Yalipitishwa uwanjani mbele ya jukwaa kuu. Yaliyoweza kutembea yalitembea. Yasiyoweza yalisukumwa na wafungwa, wasamehewa kwa wasamehewa. Mtukufu aliyapungia mkono yote. Moja lilijaribu kupiga honi kwa shukrani, likadondosha mlango.

*

Ijumaa asubuhi shemeji yangu Songoro alikuja kunigongea chumba cha uani, pale kwao ninapokaa, akiwa amevaa shati alilofungia ndoa.

"Unaoa tena?" nikamuuliza.

"Naoa kipanya. Twende ukanisindikize, shemeji. Wewe ndiye msomi wetu."

"Nilisoma sheria mpaka mwaka wa tatu tu."

"Kwani kipanya kinahitaji mwaka wa nne?"

Ni kweli sikumaliza. Chuo na mimi tulikosana kuhusu mbuzi aliyekutwa ofisini kwa mkuu wa kitivo akiwa amevaa joho. Mbuzi walimpiga picha. Mimi walinipa barua.

Songoro ndiye mume wa dada yangu Havijawa. Ni dereva, tena dereva wa kweli, yule ambaye akishika breki chai yako haimwagiki. Miaka tisa ameendesha lori la mchanga la mtu. Sasa shule ya kule kilimani ilikuwa imempa kazi ya kuwabeba watoto kumi na mmoja, kwenda na kurudi, kuanzia Jumatatu. Sharti lilikuwa moja: mpaka Jumamosi jioni awe na gari yake, yenye cheti. Akikosa, anapewa anayefuata kwenye orodha. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa Chiku, binti yake wa miaka sita. Chiku alikuwa ameshachagua kiti, nyuma ya baba, ili aweze kumvuta masikio akienda taratibu mno.

Tukiwa tunatoka, Dada Havijawa alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Kombo. Kaiangalie vizuri hiyo gari. Usiende na mizaha yako."

"Nitaiangalia kisheria, dada."

"Iangalie kwa macho."

*

Yadi ile inaitwa Bustani ya Msamaha. Getini kuna bango: HAPA HATUNA JANA. Chini yake mtu ameongeza kwa mkaa, NA KESHO JE?, na juu ya mkaa wamepaka chokaa, lakini chokaa nyembamba.

Mwenye yadi, Bwana Kirungi, alitupokea kama wakwe. Alikuwa mtu wa kitambaa: anazungumza na wewe huku anafuta gari, anafuta kiti, anafuta jasho lake, kitambaa kilekile. Akatupeleka mpaka kwenye kipanya. Kibasi cheupe, kinang'aa, viti kumi na viwili, mlango wa pembeni wa kusukuma. Songoro akavuta pumzi kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake mchanga.

"Nyaraka zake ni hizi," akasema Kirungi.

Barua kutoka serikali ya mtaa: *Tunamtambua ndugu Kipanya kuwa ni mkazi wetu mwenye tabia njema, hajawahi kugombana na mtu.* Picha mbili za pasipoti, kipanya kimepigwa kwa mbele, masikio yote mawili, yaani vile vioo vya pembeni, yanaonekana vizuri. Wadhamini wawili: lori moja la maji na pikipiki ya mchungaji.

"Bwana Kirungi," nikasema, "naomba kuuliza, hiki kipanya kiliwahi..."

Akainua kidole. Nyuma yake ukutani kulikuwa na tangazo la wizara, mchoro wa ulimi umepigwa kufuli.

"Kijana, ukiimaliza hiyo sentensi itabidi nipige simu. Na salio nililonalo nimemwekea mama yangu."

"Nilitaka kukijulia hali tu."

"Aa. Kujulia hali ruksa."

Nikakisogelea. "Hujambo?"

"Hakijambo," akajibu Kirungi.

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nyumbani ndiyo hapa."

"Za mbele na za nyuma?"

Kirungi alinitazama. Akafuta shingo. "Nzuri zote," akasema. "Kila moja kwa upande wake."

Songoro akauliza kwa nini bei ilikuwa nusu ya kipya. Kirungi akacheka kwa huruma.

"Kipya? Ndugu yangu, gari jipya halijasamehewa hata mara moja! Unajuaje moyoni mwake lina nini? Lina hasira gani, lina mipango gani? Hiki kimesamehewa mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?" nikaropoka.

"Kwa upendo wa Mtukufu," akasema haraka, akaenda kutuagizia chai.

Sasa nikueleze kitu kuhusu sumaku. Sumaku inashika bati, haishiki puti. Fundi akijaza puti penye pigo, akasugua, akapaka rangi juu, jicho linadanganyika, ila sumaku haidanganyiki. Inadondoka tu. Ndiyo maana katika nchi ile sumaku imepigwa marufuku ndani ya yadi zote, kwa kosa la usengenyaji, pamoja na magazeti mawili.

Mimi nilikuwa nayo moja, ya spika ya redio mbovu, ndani ya soksi.

Nikaanzia mbele. Boneti, ikashika. Mlango wa dereva, ikashika mpaka nikaivuta kwa nguvu. Nikarudi nyuma kidogo, pale mlango wa dereva unapoisha. Ikadondoka. Nikajaribu juu, ikadondoka. Nikajaribu paa, nikinyoosha mkono kama ninayejikuna, ikabingirika mpaka kwenye kola ya shati. Nikazunguka upande wa pili: palepale. Kumbe kulikuwa na mstari unaozunguka kipanya kizima, kama mkanda wa suruali. Mbele ya mstari bati, nyuma ya mstari bati, katikati puti.

Nikaelewa zile mara mbili. Kulikuwa na gari moja iliyokufa nyuma, na nyingine iliyokufa mbele. Mtu amechukua mbele ya ile na nyuma ya hii, akazichomelea. Vifo viwili, misamaha miwili, kipanya kimoja.

Nikaingia ndani. Katikati ya usukani, pale panapokaa ule mfuko wa kufutuka ukigongana, kifuniko kilikuwa kinacheza. Nikakichomoa. Mfuko hakuna. Walikuwa wamejaza gazeti la serikali, limekunjwa kwa uangalifu sana. Ilikuwa hotuba ya Siku ya Msamaha, ukurasa wa kwanza mpaka wa nne.

Hapo nilicheka, sina budi kusema kweli. Kisha nikaenda kiti cha nyuma ya dereva.

Mkanda wa kiti kile ulikuwa mfupi. Haukuchakaa wala haukuliwa na panya. Umekatwa. Mkato ulionyooka, wa kisu kikali, umbali wa bega la mtu mdogo. Ncha yake ilikuwa ngumu kidogo, kama kitambaa kilichofuliwa vibaya. Mtu hukata mkanda namna ile akiwa na haraka, na akiwa ameshindwa kuufungua.

Kicheko kilinitoka kikaenda zake.

"Shemeji," nikanong'ona. "Njoo uone."

Songoro alikuwa amekaa kwenye usukani, mikono juu, anatazama mbele kupitia kioo. Hakugeuka.

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Mstari. Toka Jumanne nilipokuja peke yangu. Mimi dereva, Kombo, kwani mchanga nilikuwa naendesha nimefumba macho?"

"Na mkanda?"

Nikasikia vikombe vya chai vinakuja. Kisha akasema, taratibu, bado anatazama mbele:

"Shemeji, sikukuita unionyeshe. Nilikuita uniambie haina neno."

Ningekuwa mtu wa maana ningemwambia ina neno. Lakini nilimwona mgongo wake, lile shati la harusi limepigwa pasi mpaka kwenye mishono, nikafikiria miaka tisa ya mchanga wa mtu.

"Kisheria," nikasema, "haina neno."

Na ilikuwa kweli. Chuoni walitufundisha kwamba jambo likiwa kweli kisheria haliwezi kukuumiza tumbo. Labda somo la tumbo lilikuwa mwaka wa nne.

*

Jumamosi tulikwenda Wizara ya Mambo Yaliyopita kuchukua cheti. Kipanya kilitangulizwa na mtu wa Kirungi, kikaegeshwa uani kwa wizara. Chiku alilia mpaka akaletwa. Akapanda, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake.

Afisa wetu aliitwa Bwana Ngwali, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, zote za rangi moja. Alitoka nje na meza yake, yaani aliwabebesha watu wawili, ikawekwa uani. Akakaa, akakipa kipanya mgongo.

"Ukaguzi wa kilichosamehewa," akatangaza, "hufanywa kwa mgongo. Macho, ndugu zangu, yana tabia ya kukumbuka. Mgongo ni mtumishi mwadilifu. Taifa lililotazama nyuma liligeuka..." Akatafuta taifa liligeuka nini, hakupata, akafungua jalada. "Kuna gari?"

"Ipo," akasema Songoro.

"Nimeridhika. Ina magurudumu?"

"Manne."

"Mnakubaliana wote?"

Tukakubaliana wote. Akainua muhuri.

"Mjomba!" Chiku akaniita kutoka ndani. "Mkanda wangu mfupi!"

Muhuri ulikuwa bado hewani.

"Haufiki, mjomba! Nivute?"

Nikamwangalia Songoro. Songoro aliangalia viatu vyake. Wallahi nilitamani mtu mwingine yeyote azungumze, hata kile kipanya. Na mimi silaha yangu ni moja tu maishani, mzaha.

"Mheshimiwa," nikasema, "kabla ya muhuri, kuna Kanuni ya Kumi na Nne."

"Naijua," akasema Ngwali papo hapo. Maofisa wa nchi ile wanajua kila kitu ukiwa umeshakitaja.

"Fasili ya pili."

"Hiyo ndiyo naijua zaidi. Isome, nilinganishe na ninavyoijua mimi."

Hakukuwa na Kanuni ya Kumi na Nne. Zinaishia kumi na moja. Nikaisoma kutoka hewani, kwa ile sauti ya chuo:

"Endapo chombo kilichosamehewa kitabeba watoto wa shule, afisa aliyekipitisha atawatoa watoto wake mwenyewe wapande kwa wiki ya kwanza, ili kuwa mfano kwa taifa."

Bwana Ngwali akaweka muhuri chini. Kisha akageuka, kiti na yeye, akakitazama kipanya.

Wale watu wawili waliobeba meza wakashikana mikono. Nadhani hawakuwahi kuuona uso wake ukielekea upande ule.

Akafungua droo, akatoa sumaku. Sumaku ya serikali, ina namba ya rangi nyekundu na kamba. Akaenda. Mbele, ikashika. Kati, ikadondoka, ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Akapiga goti kwenye simiti na suruali yake ya ofisi, akachungulia chini. Akanusa zulia. Akafika kwenye kiti.

"Shuka kidogo, mama," akamwambia Chiku.

Akaushika ule mkanda. Kwa ukaguzi, sekunde tatu zingemtosha. Yeye aliushika muda mrefu, akiupitisha kidole gumba penye mkato. Kisha akarudi mezani, akajifuta mikono kwenye suruali, akaivuta suruali, akajifuta tena.

"Watoto wangu," akasema, "wanapenda kutembea."

Songoro akainua kichwa. "Wanasoma wapi, mheshimiwa?"

"Hiyohiyo ya kilimani."

"Na nyumbani kwako?"

"Mto wa Pili."

"Hizo kilomita kumi na moja."

"Wanapenda sana," akasema Ngwali. Akakohoa. "Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu, ndugu yangu."

Akachukua muhuri, akagonga. IMEPITA. Akakisukuma cheti upande wetu kwa ncha za vidole, kama sahani ya mtu mgonjwa.

Songoro alikiangalia kile cheti. Kilikuwa kazi, kilikuwa Jumatatu, kilikuwa mwisho wa lori la mtu. Chiku alikuwa amekuja kusimama karibu naye, anamvuta shati.

"Sinunui," akasema.

"Ssss!" Ngwali akatazama pande zote. "Usiseme hivyo hapa. Kumkataa aliyesamehewa ni ubaguzi, lazima utoe sababu kwa maandishi." Akatoa fomu. Sababu zinazokubalika ni tatu: rangi, ndoto mbaya, mke hajapenda. "Andika rangi," akamsihi. "Kila mtu anaandika rangi. Mimi mwenyewe niliandika rangi."

"Andika rangi, shemeji," na mimi nikasema.

"Rangi ni nzuri," akasema Songoro. "Rangi ndiyo kitu kizima peke yake."

Akaiegemea meza. Si mwepesi wa kuandika, ulimi humtoka kidogo pembeni kama mtoto. Aliandika: *Ni gari mbili zilizokatwa. Mkanda wa mtoto umekatwa kwa kisu. Nilijua toka Jumanne.* Akatia sahihi. Akaweka na tarehe.

*

Hapo serikali ilipata taabu.

Ngwali aliisoma fomu kwa macho, midomo ikaanza kuyafuata maneno, akaiziba kwa mkono. Maana kulitamka jambo ni kulirudia, na kulirudia ni simango. Askari wawili walikuja, wakaulizana nani asome. Mkuu wao akaja, akaisoma nusu, akakumbuka ana wajukuu. Waliipeleka kwa hakimu wa zamu. Hakimu akasema shtaka lazima lisomwe mbele ya mshtakiwa, na atakayelisoma naye atashtakiwa, na shtaka lake pia litasomwa, na kwa hesabu yake mpaka Jumatano mahakama nzima itakuwa ndani, kuanzia na yeye.

Uamuzi ukawa hivi: Songoro atawekwa mahabusu mpaka apatikane hakimu asiyejua kusoma. Niliambiwa nisiwe na wasiwasi, uteuzi unaendelea na waombaji ni wengi.

Nilirudi nyumbani na Chiku mgongoni. Dada Havijawa alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Jana ulipoiona," akasema, "ulimwambia nini mume wangu?"

"Nilimwambia kisheria haina neno."

Nilitegemea matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili. Aliondoa sahani ya Songoro mezani, akairudisha kabatini, akasimama pale ameshika mlango wa kabati.

"Jumatatu utampeleka Chiku wewe," akasema. "Kwa miguu."

*

Jumatatu kulikuwa na manyunyu. Tulitoka mapema, mimi na Chiku, yeye kafunikwa na mfuko wa nailoni kichwani, mimi nimebeba begi lake. Barabara ya kilimani inapanda bila adabu. Tulipofika kwenye duka la kona, pale chini ya kibaraza matrafiki wawili walipokuwa wamejikinga mvua wakila karanga, gari ikaja nyuma yetu ikapunguza mwendo.

Kilikuwa kipanya kilekile cheupe, sasa kina mstari mpya wa njano ubavuni. Ndani watoto kumi. Wote wale waliokuwa kwenye orodha ya Songoro. Kiti kimoja kilikuwa wazi.

Dereva alikuwa kijana mpole, kofia ya kufuma. Yule anayefuata kwenye orodha.

"Wewe ndiye mjomba wa Chiku? Shule wamenipa jina lake. Mwache apande, mtoto analowa. Kiti chake kipo hapa nyuma yangu."

Mlango wa pembeni ukasukumwa na mtoto wa ndani. Chiku aliangalia kiti. Akaniangalia.

"Mjomba, si kile changu?"

"Ndicho."

Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

Nilitafuta mzaha. Mimi sijawahi kukosa mzaha, hata siku ya barua ya chuo nilikuwa nao miwili. Ningeweza kusema anapenda kutembea. Ningeweza kusema mama yake hajapenda rangi ya njano. Yangekubalika yote, mlango ungefungwa, wale kumi wangeendelea zao juu kilimani, na mimi ningefika salama nikiwa na mmoja wangu.

"Shuka, Chiku."

"Kwa nini?"

Watoto kumi walinigeukia na swali lilelile. Chini ya kibaraza, trafiki mmoja akaacha kutafuna.

"Kwa sababu gari hii ni mbili," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, ikavuka barabara. "Hapa mbele ni pa gari nyingine. Iligongwa ikafa, wakaikata hapa, hapa mlango wa dereva unapoisha, wakapaka puti. Ndani ya usukani hakuna mfuko, kuna gazeti."

"Kaka," dereva akasema chini chini. Alikuwa ameinamia dirishani, macho kwa matrafiki. "Kaka, najua. Nimeona. Nyamaza basi, nina mke mjamzito."

"Na mimi nilijua," nikamwambia. "Ijumaa nilinyamaza."

Msichana mmoja wa kama miaka tisa, aliyekaa karibu na mlango, alichukua begi lake akashuka kwenye mvua. Hakuuliza kitu. Akamvuta na mdogo wake. Mdogo wake akaanza kulia kwamba viatu vitalowa.

"Wewe!" Trafiki alikuwa ameshatoka kibarazani na kijitabu mkononi, anavuka barabara bila haraka, anaruka madimbwi. Mwenzake nyuma yake anapukuta maganda ya karanga. "Wewe mwenye begi la mtoto! Hebu rudia ulichosema!"

Ndani walikuwa wamebaki watoto wanane. Dereva ameweka mikono miwili juu ya usukani, paji la uso juu ya mikono.

Ya nusu ya mbele nilikuwa nimeshayamaliza. Nikamshika Chiku mkono, nikaanza ya nusu ya nyuma, ya ule mkanda.